Nilifikiri ni Mbwa

Mnyama akitokea ghafla mbele ya gari usiku, dereva anadaiwa nini? Siulizi polisi watamdai nini, wala kampuni ya bima. Hayo yana vitabu vyake. Nauliza yeye kama mtu ana deni gani, na analipa kwa nani.

Swali hili sikulitunga mimi. Liliingia kwenye simu kama sauti ya WhatsApp ya dakika tatu. Kikundi chetu cha vijana kinakutana Jumamosi alasiri hapa Kinyinya, si mbali na kilima ambako Deutsche Welle walikuwa na antena zao hadi 2015. Sauti ilitoka kwa kaka yetu mmoja wa zamani, aliyekulia Gihembe na akapelekwa Marekani kabla kambi ile haijafungwa mwaka 2021. Sasa anaishi Pennsylvania, anafanya kazi ya usiku kwenye bohari. Ilikuwa Novemba, jua limeshazama, anaelekea zamu. Kulungu mmoja akavuka barabara. Kaka akapunguza mwendo, yule akapita, basi akafikiri yameisha na akakanyaga tena mafuta. Kumbe wale wanyama wanatembea kwa kufuatana. Wa pili akatoka.

Sauti inasema hivi: "Jamani munisaidie. Niliona macho yake. Na yeye aliniona. Nilijua nitamugonga, na sikugeuza usukani. Ile ni dhambi ama si dhambi?" Aligonga, akasimama, akapiga simu. Polisi akaja, akakuta mnyama miguu imevunjika lakini bado anapumua, akamaliza kwa bastola. Bima ikalipa gari. Kaka akaenda kazini amechelewa, na tangu siku ile hajalala vizuri.

Niliicheza sauti mbele ya vijana ishirini na kitu. Wengine walicheka. Swali la kwanza kabisa lilikuwa: nyama ilienda wapi? Nikawaeleza kwamba kule Pennsylvania ukigonga kulungu unaruhusiwa kuchukua nyama, ila utoe taarifa ndani ya saa 24 upewe kibali. Hapo kikao kikawaka. Kijana mmoja Mwislamu akasema hapana, mnyama aliyekufa kwa kugongwa ni kibudu, haliwi. Mwingine akasema kama polisi alimpiga risasi akiwa hai, je? Dakika ishirini nzima zikaishia kwenye nyama. Sikuwazuia, maana watu waliokula mahindi mwezi mzima wana haki ya kuanza na nyama.

Halafu wale wanaojiandaa kwa mtihani wa provizwari wakatoa jibu la darasani: usikwepe. Shika usukani sawasawa, kanyaga breki, baki kwenye njia yako. Ukigeuza usukani ghafla kwa mwendo mkubwa, gari linaweza kupinduka, au unaingia kwenye mti, au unakutana uso kwa uso na gari la mbele lenye watu. Mnyama mwenyewe haujui atakimbilia wapi, unaweza kumkwepa kushoto naye akaruka kushoto. Marekani, ambako wanyama hawa wanagongwa zaidi ya mara milioni moja kwa mwaka kwa makadirio ya kampuni za bima, ushauri ni huohuo. Tena bima yenyewe imelifuata somo hilo: ukigonga kulungu, mara nyingi inahesabiwa kuwa balaa lililokukuta, lakini ukimkwepa ukagonga mti, inahesabiwa kuwa kosa lako.

Somo hilo mimi nalikubali. Kati ya kulungu na mtoto aliyekaa kiti cha nyuma, sina mjadala. Ila kijana wetu mmoja wa moto, anayebeba abiria kati ya Kagugu na mjini, akainua mkono. Akasema: hiyo ni sheria ya watu wa magurudumu manne. Mimi nikigonga mbuzi kwa moto, mbuzi anaweza kuinuka na mimi nisiinuke. Sasa nifanye nini, nikwepe niingie chini ya lori? Akajijibu mwenyewe: mtu wa moto hana jibu zuri ile dakika. Jibu lake lazima awe nalo kabla.

Hapo ndipo nilipoona tumekuwa tukiuliza swali mahali pabaya. Tulikuwa tunaipima roho ya kaka yetu katika nusu sekunde. Tukachukua chaki.

Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa linakula karibu mita 17 kila sekunde. Dereva mzima, asiye na usingizi, simu iko mfukoni, anahitaji kama sekunde moja kuona na kupeleka mguu kwenye breki. Hizo ni mita 17 ambazo gari linaenda kama vile hujaona kitu. Halafu breki zenyewe, kwenye lami kavu na matairi mazuri, zinataka mita kama 20 nyingine. Jumla 37. Kwa kilomita 80 jumla inafika kama 57. Kwa kilomita 100 inapita 80. Mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa breki unazidi mara nne. Huo si ukali wa mwalimu, ndivyo uzito unavyofanya kazi.

Sasa chukua taa. Taa zile za chini, za kupishana, zinakuonyesha mita 40 hadi 60 hivi mbele yako. Linganisha na hesabu ya juu. Kwa 60 unasimama ndani ya mwanga wako. Kwa 80 uko kwenye ukingo. Kwa 100 umeshapita macho yako. Unaendesha ndani ya giza ukitumaini kwamba halina mtu, na kila usiku ambao hukukuta mtu unakufanya uamini kwamba wewe ni dereva hodari.

Dada mmoja anayejifunza umakanika alisema neno ambalo nililiandika palepale: "Ile saa ya kugonga hauko dereva, uko mzigo." Ndivyo. Ile saa hakuna anayechagua. Mkono unaenda wenyewe. Kwa hiyo kaka yetu anapojiuliza kama alitenda dhambi kwa kutogeuza usukani, mimi namjibu hapana, na kwa nia moja. Pale hapakuwa na mahali pa dhambi kukaa.

Tulimuuliza mwendo wake. Akajibu usiku: maili 55 kwa saa, yaani kilomita 88 hivi, ndio mwendo unaoruhusiwa barabara ile. Kikundi kikagawanyika. Wengi walisema basi yuko safi, sheria alitii. Wachache, na mimi nilikuwa kati yao, tulisema kibao cha mwendo kinakuambia mwisho wa sheria, hakikuambii mwisho wa macho yako. Barabara ile ina vibao vyenye picha ya kulungu anayeruka. Watu wa kule wanajua kwamba kuanzia Oktoba hadi Desemba madume yanatafuta majike na hayaangalii kitu, na kwamba saa za hatari ni alfajiri na magharibi. Na wa kwanza alikuwa ameshavuka! Wa kwanza ni taarifa. Lakini pia najua kwamba kule ukichelewa zamu mara kadhaa unafukuzwa, na nyuma ya ile kazi kuna mama yake aliyebaki Mahama anayengoja chochote mwisho wa mwezi. Kwa hiyo mguu ule uliokanyaga mafuta haukuwa wake peke yake. Sisemi hivyo kumsafisha. Nasema deni lile lina wadaiwa wengi, na wengine wako ofisini wamelala.

Kuna mambo mawili katika lugha yetu yanayotusaidia kukwepa deni. La kwanza ni methali ile ya ajali haina kinga. Mtu anaisema msibani kwa huruma, na kwa mfiwa ni sawa. Lakini nimeisikia ikisemwa na dereva mwenyewe, na hapo inageuka kuwa sabuni. Ajali nyingi zina kinga, tena ya bei rahisi: mguu. La pili ni namna tunavyosema. Tunasema gari limegonga mtu. Gari limeua mbuzi. Hatusemi fulani ameua mbuzi kwa gari. Dereva anatoka ndani ya sentensi kabla hata hajatoka ndani ya gari.

Hapa Rwanda wamejaribu kumrudisha. Tangu 2019 polisi wanaendesha kampeni ya Gerayo Amahoro, maana yake fika kwa amani, na kabla ya hapo, mwaka 2015, magari ya abiria yaliamriwa kufungwa kidhibiti cha mwendo, mwisho kilomita 60. Halafu kuna zile kamera ambazo watu wote wanaziita Sofia. Mwangalie dereva anayejua Sofia amekaa wapi. Anashuka hadi mwendo wa mchumba, anapita kwa adabu, na mita mia mbele anaruka kama swala. Kamera imemfundisha kuheshimu kamera. Mimi siipingi, imeokoa watu. Ila mtoto anayevuka mahali ambapo Sofia hayupo bado anamtegemea mtu aliye ndani ya gari.

Msomaji wa Kiziba au Nyabiheke atasema: hayo ya kulungu ni ya Marekani, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Nyinyi wa Kigeme mnakaa kwenye barabara inayoingia msitu wa Nyungwe kuelekea Rusizi. Mliopita mchana mmewaona kima wamekaa pembeni mwa lami kama wanangoja kosta. Kule Akagera wamejenga uzio wa umeme wa kilomita kama 120, uliokamilika 2013, ili wanyama wasitoke kwenda mashambani na barabarani. Na mnajua kwa nini wanyama na watu walibanana vile? Mwaka 1997 hifadhi ilikatwa zaidi ya nusu, ardhi ikapewa watu, wengi wao wakimbizi waliorudi nyumbani na ng'ombe wao. Sitoi hukumu hapo. Watu lazima wakae mahali.

Tanzania ndiko ninakojua mfano mkubwa zaidi. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia, ileile inayopitisha malori ya shaba ya kwetu Katanga, inapita katikati ya hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50. Kuna matuta, kuna vibao, na kuna orodha ya faini: kila mnyama na bei yake kwa dola. Twiga na tembo wako juu kabisa, swala pala yuko chini sana, nyani chini zaidi. Dereva wa lori anapita akiisoma kama menyu.

Ile orodha ilinisumbua kwa siku kadhaa. Faida yake naiona: mtu asiyejali mnyama atajali mfuko. Lakini bei ina tabia moja, inakuambia kwamba ukishalipa umemaliza. Tena inapanga uhai kwa thamani ya utalii. Nyani ana watoto, ana kundi, anaumia kama swala, lakini mtalii hamlipii sana. Na mbwa wa kijijini hayumo kabisa kwenye orodha. Mbuzi wa mjane naye hayumo.

Rwanda ina kitu kingine ambacho kilinifungua macho zaidi. Kuna Mfuko Maalum wa Dhamana, wengi wanauita SGF, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2011. Mfuko huo unawafidia watu wa aina mbili. Wa kwanza ni mtu aliyejeruhiwa na gari ambalo halikujulikana, yaani dereva aligonga akakimbia, au gari lisilo na bima. Wa pili ni mtu aliyedhuriwa na mnyama wa hifadhini, aliyekanyagwa na nyati kwa mfano, au aliyeliwa mazao yake. Mfuko mmoja. Dawati moja linapokea faili la gari lililokimbia na faili la tembo aliyetoroka.

Walioandika sheria labda walifikiria tu urahisi wa ofisi. Lakini mimi naona wamesema kweli kubwa bila kukusudia. Tembo akivunja nyumba yako, huwezi kumfuata ukamuuliza kwa nini. Hawezi kukujibu. Umeumia, na hakuna mtu upande wa pili. Dereva anayekimbia anafanya jambo hilohilo. Alikuwa mtu, anaweza kuulizwa, anaweza kusema ni mimi, samahani, nilikuwa nakwenda mbio, na anachagua kuingia kwenye faili la wanyama. Kugonga kunaweza kumtokea mtu yeyote mwema. Kukimbia ni kazi ya mtu, anaifanya kwa dakika nzima, mguu kwenye mafuta, macho kwenye kioo cha nyuma. Kule nafasi ya kuchagua ipo, tena ni kubwa.

Na nini wanasema wakikamatwa? "Nilifikiri ni mbwa." Kila mtu katika kikundi alikuwa amewahi kuisikia sentensi hii, redioni au kijijini. Iangalie vizuri. Inakiri kwamba alihisi kishindo. Inakiri kwamba hakuona. Na inaomba tukubali kwamba kama ni mbwa, si kitu. Sasa mtu ambaye kwa miaka kumi hakusimama kwa kuku, wala kwa mbwa, wala kwa mbuzi, siku ya mtoto mguu wake utajifunza wapi kusimama? Gizani kishindo hakina jina. Lazima ushuke uende kuangalia ndipo kipate jina. Kwa hiyo ule usemi kwamba "ni mnyama tu" mtu hana haki nao mpaka awe ameshasimama.

Nitatoa mfano wa nyumbani. Kwenye barabara ya vumbi inayoingia kambi moja, ambayo sitaitaja, mtoto wa miaka 11 alikuwa anachunga mbuzi wa jirani Mnyarwanda kwa ujira mdogo. Gari jeupe la shirika likapita, likagonga mbuzi jike mwenye mimba, likaendelea na safari. Labda dereva hakuhisi, magari yale ni mazito. Labda alihisi. Mtoto akabaki na mbuzi aliyekufa na maelezo ambayo hakuna aliyeyaamini. Mwenye mbuzi akasema umemwachia, ulikuwa unacheza. Mama wa mtoto akalipa kwa pesa ya chakula, miezi miwili kidogokidogo. Mnaona lilivyokwenda? Deni lisilopokelewa na aliyelifanya halipotei njiani. Linaenda kumkalia aliyekuwa karibu na asiye na nguvu za kulisukuma.

Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma gazeti hili, najua mtasema nini, kwa sababu mmoja wenu aliniambia kwa upole. Mnafundishwa kwenye mafunzo ya usalama kwamba ukigonga usisimame penye umati, nenda hadi kituo cha polisi. Mimi nimezaliwa Kivu, naujua umati. Nimesikia gari likichomwa na dereva akipigwa kabla mtu hajauliza kilichotokea. Sheria hiyo ina sababu. Lakini inasema nenda hadi kituo cha polisi, haisemi nenda hadi ofisini ukale chakula cha mchana. Na mtoto mmoja na mbuzi mmoja kwenye barabara tupu si umati. Kama hukusimama pale, bado kuna kesho, kuna kiongozi wa kijiji, kuna kamati ya kambi, kuna simu. Deni linaweza kulipwa kwa kuchelewa. Na dereva wenu apewe ruhusa ya kusema nimegonga bila kuogopa kupoteza mkataba, maana nyinyi ndio mnaoandika ratiba inayomfanya akimbie.

Mzee mmoja wa Masisi alikuwa amekuja kumchukua mjukuu wake, akakaa nyuma, akasikiliza yote. Mwishoni akaomba neno. "Batoto wangu," akasema, "munasema musimame juu ya mtoto anaweza kuwa pale. Ni vizuri. Lakini na kama iko mbuzi kweli? Basi munarudi kwenye gari?" Kimya. Akaeleza kwamba kwao ng'ombe akianguka korongoni na kuvunjika, mwenyewe halali. Unakwenda. Kama anapona unamwinua, kama haponi unamaliza haraka, kwa kisu kikali, na unamfunika macho. Si kwa sababu ya nyama, wala kwa sababu anafanana na mtu. "Kwa sababu anaumia, na ni wewe uko pale."

Mimi nilikuwa nimejenga hoja yangu yote juu ya binadamu anayeweza kuwa gizani. Mzee aliongeza chumba kwenye nyumba hiyo bila kubomoa ukuta. Nakubaliana naye, kwa tahadhari moja ya kazi: mnyama wa porini usimsogelee. Pongo aliyevunjika mguu anaweza kukupasua tumbo kwa pembe, na ndani ya hifadhi huna ruhusa ya kumuua, unawaita askari wa wanyamapori. Kusimama, kuwasha taa za hatari ili mwingine asikugonge kwa nyuma, kupiga simu, kungoja. Kaka yetu wa Pennsylvania alifanya hayo yote manne. Tulimrudishia sauti tukamwambia.

Kijana mwingine alijaribu kufunga mjadala kwa mfano: yule kulungu ni sisi, anavuka usiku, mpaka umekatwa na barabara, taa zinampiga machoni, anaganda. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Tumeshafananishwa na wanyama vya kutosha, na wengine waliotufananisha hawakuwa na nia ya ushairi. Mtu anayevuka Rusizi usiku anajua anakimbia nini, ana jina, ana mtoto mgongoni, na ana kesi ya kumdai mtu. Kulungu anatafuta majani. Na sihitaji kulungu awe mkimbizi ndipo nisimame. Kama huruma yetu inafika tu kwa wale tunaoweza kujiona ndani yao, ni fupi kama taa za chini.

Lililobaki bila jibu ni la abiria. Wengi wetu tunaosoma haya hatuna gari. Tumekaa nyuma, magoti kwenye kifua, mzigo mapajani, na tunataka kufika. Kishindo kikitokea chini ya gari, kila mtu anasikia, na kila mtu anaangalia simu yake. Je, abiria ana deni? Vijana wengi walisema hapana, amelipa nauli, usukani si wake. Dada mmoja akasimulia safari yake kutoka Kirehe kuja Kigali, kosta imejaa, usiku umeingia, wamefika karibu na Kabarondo, pale panapochepuka njia ya kwenda Akagera. Kikapiga kitu. Gari likatikisika, likaendelea. Mama mmoja wa Mahama, anayekuja hospitali, akasema kwa sauti: "Dereva, tumegonga nini?"

"Mbwa."

"Umemuona?"

Dereva hakujibu. Yule mama akauliza tena, na tena, mpaka watu wakaanza kumwambia mama nyamaza, tutachelewa. Akasema hatanyamaza. Dereva akasimamisha gari kwa hasira, akarudi na konda kwa miguu na tochi ya simu. Walikaa kama dakika kumi. Abiria wakalalamika, mtoto akalia, mtu mmoja akashuka kukojoa.

Lilikuwa gunia la makaa lililoanguka kutoka kwenye baiskeli au lori. Konda alilivuta pembeni ya barabara lisije likamwangusha mtu wa moto, na wakaenda. Dada anasema hadi Rwamagana watu walikuwa wanamcheka yule mama na gunia lake. Yeye alikuwa ameshalala.